Betri Ina Haki Zake

Sheria ya Ontario haina maneno mengi kuhusu baiskeli ya umeme. Uwe umetimiza miaka 16, uvae helmeti, mota isizidi wati 500, umeme usikukimbize kupita kilomita 32 kwa saa, pedali ziwepo na zizunguke, na chombo chenyewe kisipite kilo 120. Leseni hutakiwi, kibao cha namba hutakiwi. Nimeisoma toka juu hadi chini sikuona panapotajwa theluji. Nadhani walioitunga walikuwa wameketi mahali pazuri, mwezi wa Julai, madirisha wazi, kila mmoja na glasi yake ya maji ya ndimu.

Na Julai, kusema kweli, hakuna awezaye kubishana na baiskeli ya umeme hapa Scarborough. Upande huu wa Toronto ulijengwa kwa ajili ya magari. Barabara zina njia sita, maduka yako mbali na nyumba, na kati ya kituo cha basi na mlango unaoutaka kuna uwanja wa kuegesha magari ambao Mombasa tungeupima viwanja kumi, tukauza, na kesi ingekuwa mahakamani hadi leo. Kwenda kwa miguu huku ni ibada, si safari.

Tulikuwa na treni. Tuliiita RT, ndogo, ya buluu, yenye kelele, ikifanya kazi tangu 1985. Ilikuwa imepangiwa kustaafu Novemba 2023, lakini jioni ya Julai 24 mwaka huo behewa lake la mwisho likaacha reli karibu na stesheni ya Ellesmere, na treni haikurudi tena. Ilijistaafisha. Reli ya chini ya ardhi ya kuziba pengo lake, kilomita karibu nane, bado inachimbwa. Umri wa binadamu ni mfupi. Nikaenda dukani kununua baiskeli.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa ya raha tupu. Nikapita chini ya nyaya kubwa za umeme kwenye ile njia ya nyasi na maua iitwayo Meadoway, nikateremka hadi kwenye magenge ya Ziwa Ontario, nikarudi nyumbani Markham Road na jasho la heshima tu. Mke wangu akasema nimerudi ujanani. Mama, kwa simu kutoka Mombasa, akauliza kwani huku hakuna bodaboda. Mpwa wangu, ambaye huko huko Mombasa anaendesha bodaboda ya umeme, akaanza kuniita mwenzake wa kazi.

Halafu ikaja Novemba.

Novemba huku haiji peke yake, huja na matangazo. La kwanza lilikuwa la TTC, wenye mabasi na treni za jiji. Siku ya mwisho ya mwaka 2023 baiskeli ya umeme iliwaka moto ndani ya treni kwenye stesheni ya Sheppard-Yonge. Basi kuanzia Novemba 15, 2024, wakapiga marufuku baiskeli na skuta zenye betri za lithiamu ndani ya vyombo vyao na stesheni zao wakati wa baridi, hadi Aprili 15. Sababu wameieleza vizuri: maji ya theluji na chumvi ya barabarani yanaweza kupenya na kuiharibu betri. Mimi sina la kusema. Lakini ina maana kwamba kwa miezi mitano baiskeli yangu na mimi tukitoka nyumbani tunatoka kwa kiapo: ama turudi wote tukiwa tumepandana, ama mmoja arudi akimsukuma mwenziwe.

Tangazo la pili lilibandikwa kwenye lifti na msimamizi wa jengo letu, kwa herufi nyekundu. Vyombo vya umeme visiachwe koridoni. Visiegeshwe kwenye ngazi. Visichajiwe kwenye chumba cha baiskeli. Chumba chenyewe kiko chini kabisa, jirani na mapipa ya taka, hakina hita wala soketi, na nusu ya baiskeli zilizomo zimekaa tu tangu wenyewe wahamie Alberta. Hapo pia sina ubishi. Zimamoto wa Toronto walihesabu visa 29 vya moto wa betri za lithiamu mwaka 2022, na mwaka 2023 vikafika 55. Mtu anayelala ghorofa ya 12 haicheki hesabu ya namna hiyo.

Ikabaki hivi: baiskeli ilale chini, betri ipande juu. Ndipo nilipokifungua kijitabu.

Kijitabu cha betri kimeandikwa kwa lugha saba, na katika zote betri ni kiumbe mwenye haki zake. Isichajiwe kwenye baridi ya chini ya sifuri. Ikitoka nje, ipumzishwe ndani kwanza hadi ipate joto la chumba, saa mbili hivi, ndipo ichomekwe. Isiwekwe karibu na hita. Isipigwe na jua. Isikae penye unyevu. Ikiwa haina kazi, isiachwe imejaa wala isiachwe tupu, ibaki nusu au zaidi kidogo, kwenye nyuzi kati ya 10 na 25, na mara moja kwa mwezi mtu aende kuijulia hali. Nilikisoma usiku, nimetoka zamu, vidole havijarudi kuwa vyangu, na nikaingiwa na wivu. Mimi niliposhuka uwanja wa ndege wa Pearson mwezi wa Februari, na koti la mtumba la soko la Kongowea, nani alinipa kijitabu? Nani aliandika kwamba mtu wa Mombasa asitumwe kazini chini ya sifuri kabla ya kupumzishwa saa mbili kwenye joto la chumba?

Anayeyajua mambo haya jengoni kwetu ni jirani wa ghorofa ya 9, mzee wa Kikongo aliyefanya kazi ya umeme migodini Katanga kabla ya kuja huku. Sote tunamwita Papa. Nilimpelekea kijitabu na betri yenyewe, akavaa miwani, akaanza kunisomesha. Ndani ya betri, anasema, lithiamu husafiri. Ukichaji, chembe zake huhama upande mmoja kwenda kujipenyeza ndani ya grafiti upande wa pili. Baridi ikizidi, zinachelewa kuingia, na chaja haina habari, inazidi kuzisukuma. Basi zinabaki nje, juu ya grafiti, zinageuka kuwa chuma. Chuma hicho hakirudi tena kazini. Kikiota miiba, mwiba unaweza kutoboa ule utando mwembamba unaotenga pande mbili, na mpaka wa betri ukivunjwa ndipo moto unapozaliwa. Ndiyo maana betri ya maana ina kidude cha ulinzi kinachoukataa umeme mpaka joto lifike. Kuendesha kwenye baridi si hatari ya aina hiyo. Nguvu hupungua tu, na ukiirudisha betri ndani nguvu hurudi.

Halafu akaigeuza, akaipapasa chini palipoandikwa mchanganyiko wa madini, nikeli na manganizi na kobalti, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ii ni mutoto wa kwetu," akasema. "Wa Kolwezi. Njo maana anaogopa baridi."

Huenda ni kweli. Kongo ndiyo inayotoa kiasi cha asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na karibu yote inachimbwa huko kwao, mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Tangu siku ile wivu ulinipungua. Nilianza kuiona betri kuwa Mwafrika mwenzangu, aliyepitia China akafika Canada, tofauti yetu ni kwamba karatasi zake zimekamilika kuliko zangu.

Sasa kumpandisha huyo Mwafrika hadi ghorofa ya 12 kulikuwa na adabu zake. Ukiingia kwenye lifti umebeba betri nyeusi ya kilo nne, mbele ya tangazo la herufi nyekundu, watu wanasogea. Hawasemi kitu, watu wa huku hawasemi, lakini lifti ya watu wanane ghafla inakuwa ya watu watatu na nafasi. Mke wangu akaleta blanketi la buluu la kitinda mimba wetu. Alisema ni la kufutia matone ya theluji. Mimi nilijua ni la stara.

Alfajiri moja nikarudi kutoka kazini, betri kifuani ndani ya blanketi, lifti ikafunguka ghorofa ya kwanza akaingia bibi mmoja wa Kifilipino anayeishi juu yetu. Akaniona. Uso ukamlainika. Akaweka kidole mdomoni kuonyesha kwamba hatamwamsha, akasogea polepole, akafunua pembe ya blanketi kwa ncha ya vidole. Wakati huohuo kidole gumba changu, ambacho hakikuwa na hisia yoyote tangu barabara ya Ellesmere, kikabonyeza kitufe cha betri. Zikawaka taa nne za kijani, moja baada ya nyingine.

Bibi akaziangalia zile taa. Akaniangalia mimi. Akafanya ishara ya msalaba, akalirudisha blanketi mahali pake, akalibana vizuri pembeni baridi isiingie. Siku hizi tukikutana huniuliza kama mtoto amelala, na mimi humjibu kwamba amekunywa nusu.

Ndani ya nyumba, kuipata kona ya betri kulichukua kikao. Karibu na mlango wa roshani pana upepo. Jikoni pana mvuke. Chumbani haifai, maana kijitabu na Papa wote wawili wanasema isilale karibu na matandiko. Korido ya kutokea haifai pia, kwa sababu chochote kikitokea ndiyo njia yenyewe ya kukimbilia. Palipobaki ni kona moja tu ya sebule, pakavu, mbali na hita, mbali na jua, sakafu ya vigae, na pale pamekaa cherehani ya mke wangu tangu tuhamie. Cherehani ikahama. Sitasimulia mazungumzo yaliyotangulia kuhama kwake. Itoshe kusema kwamba mke wangu, ambaye miaka yote nikitaka kupandisha hita huniambia nivae sweta, siku hizi ndiye anayeamka usiku kuangalia kipimajoto cha kona ile. Aliiona bei kwenye risiti.

"Mwanangu, yalala ndani?" Mama aliniuliza kwa simu.

"Ndiyo, mama."

"Na mkeo asemaje?"

"Ameihamishia cherehani."

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. "Babako," akasema mwisho, "hakuniletea hata mbuzi ndani."

Mpwa wangu, alipopata habari, hakuwa na huruma. Yeye betri ikimwishia huingia kituoni, akaichomoa, akatia nyingine iliyojaa, akaenda zake kabla abiria hajamaliza kulalamika. Betri yake hailali kwake, haina blanketi, haina kona. Shida ya Mombasa ni joto, maana joto nalo huizeesha betri, lakini hilo ni la mwenye kampuni, si la kijana. Alinitumia picha yake akiwa amevaa fulana, nyuma yake bahari.

Ijumaa moja mke wangu akawasha udi. Kuna Ijumaa za udi kidogo na kuna Ijumaa za udi hasa. Hii ilikuwa ya pili, kwa sababu alikuwa ametoka kupika samaki wa kukaanga na alitaka harufu moja iifukuze nyingine. Chetezo kikafuka. Kengele ya moshi jikoni ikalia. Akafanya ambalo kila mtu wa pwani angefanya: akafungua mlango wa nje ili moshi utoke. Moshi ukatoka kweli, ukaingia koridoni, na koridoni kuna kengele nyingine, mama wa kengele zote, iliyounganishwa na jengo zima.

Watu wa ghorofa zote wakateremka kwa ngazi, makoti juu ya nguo za kulalia, mmoja na paka ndani ya begi. Magari ya zimamoto yakafika, mekundu, yakijaza ukumbi mwanga. Na mimi pale chini nikagundua kwamba watu wote hawaangalii moto, wananiangalia mimi. Hata waliokuwa hawanijui waliambiwa pale pale. Yule ndiye mwenye betri. Bibi wa Kifilipino peke yake ndiye aliyenijia, akaniuliza kwa wasiwasi wa dhati kama nimemwacha mtoto juu.

Nikapanda na msimamizi na mzimamoto mmoja mrefu, barakoa yake ikining'inia kifuani. Mlango wetu ulikuwa wazi. Mzimamoto akasimama kizingitini akavuta hewa, akavuta tena. Moto wa plastiki na lithiamu, nadhani, haunuki hivi. Msimamizi akanyoosha kidole kwenye kona. Mzimamoto akachutama mbele ya betri, akaigusa kwa mgongo wa mkono, akatazama nyuma yake, akatazama soketi. Akasimama akasema iko sawa kabisa: haijachomekwa, haijafunikwa, haiko njiani, haina hata joto. Akasema laiti kila mtu angeiweka hivi. Kisha akageuka, akaona juu ya meza ya kioo makaa mekundu yakiwaka ndani ya chombo cha udongo, wazi, karibu na pazia.

Kesho yake tangazo la tatu likabandikwa kwenye lifti. Safari hii lilikuwa na mchoro. Aliyechora hajawahi kuona chetezo maishani; alichora birika lenye miali ya moto juu, likiwa limekatwa kwa mstari mwekundu. Hadi leo majirani wanaamini sisi tumekatazwa kupika chai.

Nimesema mengi ya kulaza, sikusema ya kuendesha. Kuendesha kunaanza na kufuli. Saa kumi alfajiri unaingiza ufunguo, ufunguo unaingia nusu. Ndani kuna barafu. Ukipuliza, pumzi yako inaganda juu ya barafu iliyokuwepo. Ukimwagia maji ya moto, umeipa barafu chakula. Dawa niliipata kwa fundi: ile jeli ya kusafishia mikono iliyobaki madukani tangu korona, ambayo nusu yake na zaidi ni spiriti. Matone mawili tu, kufuli linalegea.

Fundi mwenyewe ni Mhindi wa Dar es Salaam, ana kijiduka Lawrence Avenue, na Kiswahili chake ni cha mwaka 1971, hakijaguswa na chochote kilichotokea baadaye. Mwaka huo Serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo, na muda si mrefu familia yake ikaja huku. "Nyumba walichukua wao," huniambia, "baiskeli niliuza mwenyewe." Nilipompelekea yangu mara ya kwanza wakati wa baridi aliinamisha kichwa, akapitisha kitambaa kwenye cheni, kitambaa kikatoka na rangi ya karafuu.

"Bwana mdogo, cheni imekula chumvi hii."

Mimi nimezaliwa kisiwani, chumvi si mgeni kwangu, lakini kwetu chumvi huingia kwenye samaki na kwenye mabati. Huku wanaimwaga barabarani kwa malori ili barafu iyeyuke, na sehemu kubwa ya chumvi ya Ontario inachimbwa Goderich, chini ya Ziwa Huron, zaidi ya mita 500 kwenda chini, kwenye mgodi wa chumvi wa chini ya ardhi ulio mkubwa kuliko yote duniani. Chumvi hiyo ikichanganyika na theluji hutoa uji wa kijivu. Uji unapanda kwenye cheni, kwenye waya za breki, kwenye suruali, na ukikauka unaacha ramani. Fundi anataka nifute cheni kila nirudipo na kuipaka mafuta mazito. Anataka pia nipunguze upepo kwenye matairi ili yaikalie barabara vizuri. Halafu akaniuzia matairi ya misumari. Hapa nilisita. Maisha yangu yote tairi likiwa na msumari ni hasara, unashuka, unatafuta fundi, unatukana mtaa. Huku tairi lina misumari mamia, imepangwa kwa mistari, na kila mmoja umo kwenye bei.

Lakini yanashika. Kwenye barafu ile nyeusi isiyoonekana, ambayo wenye magari wanaitelezea kimyakimya hadi kwenye nguzo, mimi hupita nikitafuna lami kwa misumari yangu kama bwana shamba.

Kisichosaidiwa na misumari ni jiji kujaa theluji. Februari 2025 dhoruba zilifuatana, zikamwaga zaidi ya sentimita 50 za theluji kwa siku chache. Magreda yakaisukuma theluji kando ya barabara, na kando ya barabara ndiko kwangu. Palipokuwa na njia ya baiskeli pakasimama tuta la urefu wa kifua, gumu, limechanganyika na mchanga na kiatu kimoja cha mtoto. Nikaingia kwenye njia ya magari pamoja na malori, nikiwa nimejifunga kikoi usoni, kikoi kimeganda kwa pumzi yangu, kimekuwa ubao. Miwani imeingia ukungu, ukungu umeganda. Mikono iko ndani ya mifuko ya usukani ambayo mke wangu aliishona kwa godoro kuukuu, akiishonea jikoni, maana kona ya cherehani ina mwenyewe.

Njia yangu ya kazini inapita barabara ya Morningside, na Morningside, baada ya Lawrence, hutumbukia kwenye bonde la Highland Creek. Kuteremka ni neema. Upande wa pili ni kupanda hadi Ellesmere. Asubuhi hiyo ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri, na upepo umetoka ziwani kuja kuongeza lake. Skrini ya baiskeli ilikuwa imeshachoka. Kwenye baridi ile kioo chake hubadilisha namba kwa uzito, kwa hivyo nikiwa nimesimama kabisa kwenye taa nyekundu chenyewe kiliendelea kunipongeza kwa kilomita 24 kwa saa. Betri ilionyesha vipande vitatu kati ya vitano. Nikafika chini ya bonde, nikaongeza nguvu nipande.

Papa alikuwa amenionya. Betri baridi ina umeme, ila haiwezi kuutoa kwa haraka. Ukiidai mengi kwa mpigo mmoja, volti zinaporomoka, na kile kidude cha ulinzi, kilichowekwa pale kulinda betri wala si kunilinda mimi, kinafunga duka. Vipande vitatu vikawa kimoja. Kimoja kikawa giza. Nikabaki na kilo 28 za chuma, kilima mbele, na pedali ambazo sheria ya Ontario inataka ziwepo na zizunguke. Zilikuwepo. Hazikuzunguka.

Basi la 116 likanipita, taa zote ndani zikiwaka, watu wamevua glavu. Dereva akanitazama kwa huruma, nami sikunyoosha mkono, maana Aprili 15 ilikuwa mbali. Nikaanza kusukuma.

Ni katika kusukuma kule nilipomkumbuka Mel Lastman. Alikuwa meya wa Toronto, ndiye yule aliyeita jeshi Januari 1999 lije kuondoa theluji, na Canada nzima ikacheka mpaka leo. Juni 2001, jiji likiomba Olimpiki ya 2008, alitakiwa aende Mombasa kwenye mkutano wa wakuu wa michezo wa Afrika. Kabla ya kuondoka alimwambia mwandishi wa habari kwamba anaogopa nyoka, na kwamba anajiona kabisa ametiwa ndani ya chungu cha maji yanayochemka, wenyeji wakimzunguka wakicheza. Aliomba radhi mara nyingi. Olimpiki ikaenda Beijing. Sisi watu wa Mombasa tulichukia, na tulikuwa na haki ya kuchukia. Lakini pale Morningside, kikoi ubao, vidole vimekwenda zao, nilimtazama marehemu kwa jicho jipya. Mtu aliyeijua theluji hii kiasi cha kuiitia jeshi, anapewa nafasi ya kukaa ndani ya chungu cha maji moto, Mombasa, na burudani ya ngoma juu yake, naye anaogopa!

Nilifika kazini nimechelewa. Msimamizi wa zamu akaniuliza betri iko wapi. Nikamwambia iko ndani ya koti, kifuani, inapata joto. Akatikisa kichwa, akanionyesha kiti karibu na tanuri la mikate, na nilipokwenda kukaa akasema hapana, kiti ni cha betri, mimi niende kwenye mashine.

Sasa limezuka jambo jipya. Mama mkwe anakuja kutoka Lamu, na tarehe ya tiketi ni Januari. Tulimweleza kuhusu Januari. Akasema yeye ameshaona kusi na kaskazi, hatishwi na upepo. Kisha mke wangu, kwa uaminifu ambao haukuhitajika, akamweleza kuhusu kona.

Kesho yake nikapokea ujumbe wa sauti. "Mwanangu," alisema mama mkwe, polepole, sauti ya mtu aliyekwisha kufikiri, "nimesikia nyumbani kwenu muna mgeni asiyetaka baridi, wala jua, wala kuguswa na moto, na asiyeshiba wala kulala na njaa. Mimi nauliza tu. Mimi na yeye, mkubwa ni nani?"

Tukakaa tena kikao. Mama mkwe akapewa chumba chetu, alale na mwanawe. Watoto wana chao. Betri imebaki na kona yake, kwa sababu mzimamoto mwenyewe ameisifu na hakuna anayetaka kuanza upya na msimamizi. Mimi nimepangiwa upande wa pili wa sebule, chini ya dirisha la roshani, na nimenunuliwa godoro la kujaza upepo. Lilifika jana ndani ya boksi lake, na ndani ya boksi mna kijitabu: lisiwekwe mahali penye baridi ya chini ya nyuzi 10, lisisogezwe kwenye hita. Mke wangu amekisoma chote. Ameinuka, ameangalia kipimajoto cha chini ya dirisha, amepandisha hita, na ameniambia nivae sweta, godoro lisije likapata baridi yangu.